Nanga nzito si lazima ishike zaidi

Wapo wavuvi wa mishipi wanaoamini mtumbwi ukiburuzwa dawa ni nanga nzito. Kwa nanga ya jiwe, sawa. Ya makucha hushika ikivutwa sambamba na sakafu ya bahari. Kamba fupi huinyanyua. Kwenye kina cha mita 6 penye upepo, toa mita 30 za kamba, na mita moja ya mnyororo kati ya kamba na nanga. Funga kamba omo, yaani mbele ya mtumbwi, kamwe si ubavuni: mkondo utaukingamisha mtumbwi, nao hupinduka upesi.

Kuhakiki kama nanga imeshika ni rahisi. Linganisha mnazi wa ufukweni na kilima nyuma yake. Vikizidi kuachana upande mmoja, nanga inaburuzika. Ongeza kamba kwanza, kabla ya kutafuta chuma kingine.