Wacheza ni Walewale: Dhana Potofu Kuhusu Msimu wa Baleti

Wiki iliyopita nilikuwa mlangoni mwa chumba cha mazoezi nikigawa ratiba ya msimu, mama mmoja akanivuta pembeni. "Mwalimu, Ijumaa ya Swan Lake nitakuja na familia nzima. Ila hiyo Jumamosi ya kisasa, hapana. Hapo si ni watu kujigaragaza tu sakafuni?" Ni mzazi makini, hajawahi kumchelewesha mtoto darasani. Lakini ni mzazi wa nne kuniambia hivyo mwezi huu, na nimechoka kutabasamu.

Ijumaa tunacheza sehemu za pili za baleti mbili za klasiki, Swan Lake (Ziwa la Mabatamaji) na Giselle. Jumamosi ni kazi tatu mpya. Watu wanaamini kwamba Ijumaa ndiyo ufundi, na Jumamosi ni ya waliokosa nafasi ya Ijumaa. Hakuna dhana inayoniudhi kuliko hiyo, kwa sababu wacheza ni walewale.

Laiti ungekaa nasi Jumanne moja. Saa tatu asubuhi wote wameushika upau wa ukutani, plie (kukunja magoti), tendu (kunyoosha mguu ukiteleza sakafuni), mguu mbele, mguu kando, kama kila siku. Saa tano wanageuka mabatamaji. Kuna mahali Odette, malkia wa mabatamaji, anacheza na mwana wa mfalme, nao wamesimama mistari miwili kandokando ya jukwaa, mguu mmoja nyuma, viganja vimepishana mbele, hakuna anayetikisika. Ukiwa umekaa kwenye kiti unadhani wanapumzika. Sogea karibu uone shavu la mguu linavyotetemeka ndani ya soksi. Msuli umembana binti wa watu, na hana ruhusa hata ya kuhamisha kisigino. Mabatamaji wangu wote watakwambia kusimama vile kunachosha kuliko kuruka.

Saa nane wanavua viatu, wanafunga vidole plasta, wanaingia kazi ya kwanza ya Jumamosi. Ndani yake kuna anguko. Binti amesimama wima, anaachia goti, anashuka ubavu mpaka chini, na sharti la mtunzi ni kwamba sakafu isisikike. Jaribu nyumbani, ila weka godoro. Ili mwili utue kimya, kifundo, goti na nyonga vinalegea kwa zamu, huku tumbo likishikilia uzito mpaka mwisho. Hiyo ni plie ya saa tatu asubuhi, imepelekwa mbali zaidi. Jumanne hiyo tulirudia anguko lile mpaka viwiko vikawa vyekundu, na yule binti, ambaye kwenye Giselle ananipa mistari safi kuliko wenzake wote, akaniambia akiwa bado chini, "Mwalimu, heri mabatamaji."

Na muziki je? Wa Ijumaa unakubeba: unahesabu nane, unarudia nane, na ukipotea, wimbo wenyewe unakurudisha. Wa Jumamosi unahesabu tano, kisha saba, kisha tatu, na usipohesabu mwenyewe hakuna wa kukuokoa. Jambo hili si geni. Mwaka 1913 pale Paris, The Rite of Spring, baleti yenye muziki wa Stravinsky, ilipochezwa mara ya kwanza, watazamaji walipiga kelele hadi wacheza wakashindwa kuisikia okestra. Nijinsky, aliyetunga dansi ile, alisimama juu ya kiti pembeni ya jukwaa akiwapigia hesabu kwa sauti. Hao walikuwa wacheza waliolelewa kwenye klasiki, na bado walihitaji kupigiwa hesabu. Kazi hiyo ina zaidi ya miaka mia moja, na kuna watu bado wanaiita ya juzi.

Anayesema kisasa hakuna viatu vya pointi, vile vya kusimamia ncha za vidole, atafute In the Middle, Somewhat Elevated, ambayo William Forsythe aliwatungia wacheza wa Paris Opera mwaka 1987. Viatu vipo, mizunguko ipo, miguu inapanda hadi sikioni, ila kila hatua imesukumwa nje ya mizani, mahali ambapo mcheza wa klasiki amefundishwa tangu utotoni kutofika. Au achukue Giselle ya Akram Khan ya mwaka 2016. Khan ametokea kwenye kathak, dansi ya asili ya India, na kazi yake inachezwa na English National Ballet, kampuni ileile inayocheza Swan Lake. Wakurugenzi wa kampuni kubwa hawapangi kazi hizi kujaza nafasi kwenye ratiba. Mwili unaocheza klasiki peke yake msimu mzima unazoea njia moja na kuchakaa upande mmoja. Mimi mwenyewe huona mikono ya mabatamaji ikilainika baada ya wiki mbili za kazi mpya.

Dhana ya pili ni pacha wa ya kwanza: kwamba klasiki imetufikia kama ilivyozaliwa, haijaguswa. Swan Lake ya kwanza ilichezwa ukumbi wa Bolshoi, Moscow, mwaka 1877, ikiwa imetungwa na Julius Reisinger, na haikusifiwa sana. Dansi zake hazijatufikia. Tunayoijua inatokana na ya St Petersburg ya mwaka 1895, iliyotungwa na Petipa na Ivanov, wakati Tchaikovsky, mtunzi wa muziki wake, alikuwa ameshafariki tangu 1893. Riccardo Drigo aliupanga muziki upya, akakata hapa na kuongeza pale. Ile mizunguko 32 juu ya mguu mmoja ambayo watu huihesabu kwa sauti mpaka nakosa raha ilikuwa ustadi wa Pierina Legnani, Mwitaliano aliyecheza mwaka huo. Kisha Nikolai Sergeyev akaondoka Urusi na maandishi ya hatua hizo, na mwaka 1934 ikachezwa London kwa msaada wake. Kila aliyeipokea aliibadilisha kidogo. Kwingine Odette anakufa ziwani, na matoleo mengi ya enzi ya Sovieti yanamwacha hai na mpenzi wake. Kwa hiyo mzazi anaponiuliza kama yetu ni "ile ya asili", namjibu kwamba ni yetu, na tumeifanyia kazi kwa heshima.

Mengine nitayapitia haraka.

Viatu vya pointi havina mti wala chuma. Ncha yake ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, ndiyo maana jozi moja inaweza kulainika na kufa ndani ya onyesho moja. Kinachomsimamisha mcheza ni mguu wake. Kwa hiyo tafadhali msinunulie mtoto wa miaka 7 viatu hivyo mtandaoni na kumleta navyo darasani kwa furaha. Nitavichukua na kuviweka kabatini. Tunaanza kuvizungumzia akifika miaka 11 au 12, akiwa na miaka kadhaa ya mazoezi na kifundo kisichoyumba.

Wanaume si winchi za kunyanyulia wanawake. Mwaka 1890 Enrico Cecchetti alikuwa wa kwanza kucheza Ndege wa Buluu katika The Sleeping Beauty, na hadi leo mvulana anayecheza dansi ya peke yake ya ndege huyo anatoka akihema na hajamnyanyua mtu.

Kwamba baleti si ya Waafrika, nalisikia zaidi kwa Waafrika wenzangu, na linaniuma. Arthur Mitchell, Mmarekani mweusi, alianzisha kampuni ya baleti ya Dance Theatre of Harlem mwaka 1969. Mtunzi wa Afrika Kusini aitwaye Dada Masilo aliitunga Swan Lake yake mwaka 2010, miguu peku, akazunguka nayo dunia. The Rite of Spring iliyotungwa upya na Mjerumani Pina Bausch ilifanyiwa mazoezi Senegal mwaka 2020, kwenye shule ya dansi ya Germaine Acogny, na wacheza kutoka nchi 14 za bara hili. Kilichotuchelewesha ni vitu kama rangi ya viatu. Ni mwaka 2018 tu Freed ya London, watengeneza viatu, ikishirikiana na kampuni ya baleti ya Ballet Black, ilipoanza kuuza viatu vya pointi vya kahawia. Kabla ya hapo wacheza weusi walikaa usiku wakivipaka vipodozi vya uso jozi baada ya jozi.

Na anayeogopa kwamba "hataelewa": usisome maelezo ya Jumamosi kabla ya taa kuzimwa. Yasome ukirudi nyumbani. Ukisoma mapema utakaa unatafuta maana kama mtu anayetafuta funguo, na dansi itakupita.

Ijumaa kaa juu, kwenye roshani. Watu hugombania safu ya kwanza ilhali mabatamaji huchorwa kwa mistari, na mistari huonekana kutoka juu. Jumamosi shuka, kaa safu ya tatu au ya nne, na lile anguko likifika, sikiliza sakafu. Yule mama nilimwandikia tiketi mbili za safu ya nne, yake na ya mwanawe mkubwa. Kwenye safu hiyo zimebaki sita.