Ukihisi msuli unavutika, ongeza mto

Ikikaribia likizo ya mwisho wa mwaka, wanafunzi wangu wa yoga huanza kuniuliza wafanye nini nyumbani darasa likifungwa. Wengi hutarajia niwapangie mikao ya kutoa jasho, ili wakila kupita kiasi kwenye sikukuu wawe wameshalipa deni. Hapo huwa sikubaliani nao. Mtu aliyemaliza mwaka akikimbizana na kazi, kisha akaingia likizo kwa safari ya saa nyingi kitini, kubeba mizigo, kupikia watu wengi na kulala saa zisizoeleweka, mwili wake hauna haja ya kazi ya ziada. Una haja ya kulazwa chini, ukafunikwa, ukaachwa.

Yoga ninayoisema ni ile ya kupumzika, kwa Kiingereza restorative, ya kulala juu ya mito na mablanketi, mkao mmoja ukachukua dakika 10, 15, hata 20, bila kujikunja wala kujinyoosha kwa nguvu. Mizizi yake iko kwa B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Kihindi aliyezaliwa mwaka 1918 na ambaye utoto wake ulijaa maradhi: malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu. Pengine ndiyo sababu alipokuja kufundisha hakuona haya kumwekea mtu kiti, mkanda, tofali la mbao au blanketi ili aweze kukaa kwenye mkao bila kuumia. Mwanafunzi wake kutoka Marekani, Judith Hanson Lasater, aliikuza ile sehemu ya kupumzika mpaka ikasimama yenyewe kama mtindo.

Watu huichanganya na yoga ya yin kwa kuwa zote ni za polepole na za sakafuni. Kwenye yin unatafuta kwa makusudi mahali panapovuta kidogo, unatulia hapo dakika 3 hadi 5. Kwenye hii yetu, ukihisi msuli unavutika, ujue hujapanga vizuri. Inua goti, ongeza mto, sogeza kiti. Ni sheria ninayoishikilia kuliko zote, na sababu yake ni ya kimwili kabisa: msuli ukivutwa hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na jibu la haraka linalorudi ni kuukaza ili ujilinde. Unaweza kulala pale nusu saa umefumba macho na bado sehemu yako moja iko lindoni.

Baridi nayo hufanya kazi ileile ya kukuweka lindoni. Tazama mtu aliyetoka nje kwenye upepo: mabega yamepanda masikioni, mikono imebana mbavu, taya limekaza. Ukilala bila kujisogeza, misuli inazalisha joto pungufu, kwa hiyo dakika chache baadaye utahisi ubaridi ambao haukuwepo ulipoanza. Jifunike kabla hujahisi baridi. Vaa soksi, na kama chumba ni cha baridi sana, kofia pia, hakuna anayekutazama. Jambo ambalo wengi hulisahau ni sakafu. Mkeka wa yoga ni mwembamba, na vigae au saruji hunyonya joto la mgongo moja kwa moja. Ukiwa na mablanketi mawili tu, moja lilale chini yako na lingine juu. Yote mawili yakiwa juu, mgongo utaganda. Ukiwasha hita, iwe mbali na vitambaa vyote, na usiiweke mahali ambapo mguu utaisukuma ukijigeuza.

Vifaa vya kununua sivitaki kwenye likizo. Mito ya kitandani, mito ya kochi, taulo mbili, kiti kisichoyumba, shali ya kufunika macho. Basi.

Mkao ninaoupenda kuliko yote ni wa miguu juu ya kiti. Tandika blanketi, lala chali, pandisha miguu yote miwili kitini ili vigimbi vitulie vyote, kuanzia nyuma ya magoti mpaka visiginoni. Magoti yamekunjika karibu pembe mraba. Kama kiti ni kirefu na unahisi mapaja yananing'inia, weka blanketi lililokunjwa chini ya nyonga. Hapa kuna raha ambayo aliyekaa garini au kwenye ndege siku nzima huitambua mara moja: ile misuli mirefu ya ndani inayounganisha kiuno na paja, ambayo imekunjika saa zote hizo, inaacha kuvuta uti wa mgongo. Kiuno hushuka chenyewe kuelekea sakafuni. Usikisukume.

Sasa kichwa. Nikiingia darasani nikakuta watu wamelala, ninachokitazama kwanza ni mstari kati ya paji la uso na kidevu. Kidevu kikiwa juu kuliko paji, yaani uso umeelekea nyuma kidogo, kisogo kinajikunja, koo linanyooka, na ukiangalia vizuri utaona mboni zikihangaika chini ya kope. Mtu huyo hajapumzika hata kama amenyamaza. Kunja taulo mara mbili au tatu, liweke chini ya kichwa, kisha sukuma ukingo wake uingie mpaka kwenye mviringo wa shingo na uishie pale bega linapoanza. Usiuingize chini ya mabega. Paji la uso likipanda sentimita moja au mbili juu ya kidevu, inatosha. Mara nyingi husikia mtu akitoa pumzi ndefu palepale. Ukiwa nyumbani huwezi kujiona, kwa hiyo mwombe mtu akuangalie kwa ubavuni, au jipige picha.

Ukishakaa sawa, ndipo uje kwenye pumzi. Moyo huenda haraka kidogo unapovuta hewa na hupungua mwendo unapoitoa, kwa kuwa neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka shingoni hadi kifuani na tumboni, huushika moyo breki zaidi wakati wa kutoa. Ndiyo maana walimu wengi hupenda kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Vuta puani ukihesabu 4, toa ukihesabu 6. Hesabu zikienda kwa sekunde, hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake wa Italia, uliowapima watu wakisali rozari kwa Kilatini na wakirudia mantra ya yoga, yaani maneno mafupi yanayorudiwarudiwa. Vyote viwili vilishusha upumuaji mpaka karibu mara 6 kwa dakika. Mimi hulitaja hilo kwa wanafunzi wenye wasiwasi kwamba kupumua polepole ni jambo geni kwao. Aliyezoea sala au dhikri ndefu huenda mwili wake unaufahamu mwendo huo tayari. Ila usijikaze. Ukihisi kizunguzungu au kifua kubana, acha kuhesabu, pumua upendavyo.

Miguu juu ya ukuta, yaani kulala chali miguu ikiegemea ukutani, ndiyo inayopigwa picha zaidi, na ni nzuri kwa aliyevimba vifundo vya miguu kwa safari, maana maji yaliyotuama hushuka kurudi kiwiliwilini kwa uzito wake. Kosa la kawaida ni kubandika makalio ukutani wakati misuli ya nyuma ya mapaja ni mifupi. Magoti yanatetemeka, kiuno kinainuka. Rudi nyuma, shibiri moja au mbili kutoka ukutani, kunja magoti kidogo. Mwenye glakoma, yaani presha ya macho, au shinikizo la damu lisilodhibitiwa asiifanye kabla ya kuzungumza na daktari wake, hasa ile ya kuweka mto chini ya nyonga.

Baada ya mlo mkubwa, yote hayo ya kulala chali yasubiri. Ningengoja saa mbili au tatu. Ukishindwa kungoja, lala kwa ubavu wa kushoto, mto kichwani, mwingine kati ya magoti na vifundo, wa tatu uukumbatie ili bega la juu lisianguke mbele. Tumbo lilivyokaa, upande huo huacha tindikali chini ya mlango wa umio, hivyo kiungulia hupungua. Ubavu wa kushoto ndio ninaowapa pia wajawazito ujauzito unapokuwa mkubwa, kwani kulala chali muda mrefu kunabana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

Wapo ambao utulivu wenyewe ndio unaowatisha. Msimu huu una kelele za furaha, na katikati yake kuna aliyefiwa, aliyeachwa, aliyekosana na ndugu zake. Ukimwambia afumbe macho na alale kimya, yote yaliyokuwa yamezibwa na shughuli humjia kwa pamoja. Sioni sababu ya kumlazimisha. Akae na macho wazi, taa ndogo ikiwaka, alale ubavu na mgongo wake uguse ukuta au kochi ili ajue hakuna kitu nyuma yake. Dakika 5 zikimtosha, zimemtosha. Akitaka kunyanyuka akatembee, aende. Baadhi yao hufaidika zaidi na sauti ya mtu anayewaongoza, kama ilivyo kwenye yoga nidra, ile iliyoenezwa na Swami Satyananda Saraswati kutoka Munger, India, ambapo akili huzungushwa kiungo kwa kiungo: kidole gumba, cha shahada, kiganja, kifundo. Akili ikipewa njia ya kupita haipati nafasi kubwa ya kuzurura.

Kuhusu usingizi, walimu hatuelewani. Wapo wanaoona ukilala umepoteza kipindi. Mimi nasema hivi: ukisinzia kila ukijilaza, kinachokudai ni usingizi wa usiku, ulipe kwanza. Weka kengele ya simu, zima mengine yote ya simu, sinzia.

Na nyumba iliyojaa wageni? Usitafute ukimya, hutaupata. Tafuta mlango unaofungwa. Waambie wenzako mapema, kwa maneno, kwamba utakuwa chumbani dakika 20 na kwamba hujambo; la sivyo kila baada ya dakika mbili mtu atachungulia kuuliza kama unaumwa. Watoto wakiingia, wape mto wao walale pembeni. Watavumilia dakika 3. Kwangu hizo nazo ni yoga. Mkao mmoja kwa siku unatosha, na saa ninayoipendekeza ni ile ya jioni giza linapoingia, kabla ya chakula, wakati watu wengine wanapowasha runinga kwa kukosa la kufanya.

Kunyanyuka kuna utaratibu wake. Kunja magoti, geuka ubavu wa kulia, kaa hapo pumzi tatu nne, kisha jisukume kwa mikono hadi ukae kitako, kichwa kikija mwisho. Kaa hivyo kwa muda kabla ya kusimama, na kama unatumia dawa za presha, kaa zaidi, kwa kuwa damu iliyozoea kulala huchelewa kupanda kichwani. Halafu usiyarudishe mablanketi kabatini. Yaache yamekunjwa kwenye kona, kiti kikiwa palepale, maana kesho ukianza kuyatafuta utaishia kwenye kochi.