Simu ya Tesla: fundi naulizia programu kwanza

Haupiti muda hapa Malindi bila mteja kunionyesha picha ya "simu ya Tesla" aliyotumiwa kwenye WhatsApp. Eti inajichaji kwa jua, inashika setilaiti, bando hununui tena. "Fundi, ninunue hii ya dukani ama ningoje ile?"

Tesla haijatangaza simu yoyote. Mwaka 2022 Elon Musk, mkuu wa Tesla, aliandika kwamba angetengeneza simu ikiwa Apple na Google wangeiondoa Twitter, aliyokuwa ameinunua, kwenye maduka yao ya programu, naye akose njia nyingine. Haikuondolewa. Picha zinazozunguka ni za wachoraji.

Hilo la jua tulipigie hesabu, maana jua tunalo. Mgongo wa simu ya kawaida ni kama sentimita 16 kwa 7.5. Jua la saa sita likiupiga wima huleta takriban wati 12, na paneli nzuri hugeuza sehemu ya tano tu kuwa umeme: wati mbili na kitu. Betri ya mAh 5,000 hubeba kama wati-saa 19. Kwa hiyo ungeianika saa nane, jua likiwa limesimama utosini muda wote, jambo ambalo hata huku Pwani halipo. Na betri za lithiamu hazifai kuchajiwa zikishapita nyuzi 45. Simu iliyoachwa juani kwenye dashibodi ya tuktuk hufika hapo upesi.

Setilaiti ni kweli, lakini haidai simu mpya. Marekani, kampuni ya simu ya T-Mobile na Starlink wanaunganisha simu za kawaida na setilaiti. (Watu wa Ngomeni, jirani zetu hapa Malindi, setilaiti haziwashtui, Waitaliano walikuwa wakizirusha pale tangu 1967.)

Kinachoua simu za kampuni ngeni katika biashara hii ni programu. Amazon, kampuni yenye pesa na wateja tele, ilitoa Fire Phone Julai 2014. Ilikuwa na kamera nne za ziada mbele za kufuata uso wako, ila duka la programu la Google halikuwemo, na Marekani iliuzwa kupitia kampuni ya simu ya AT&T peke yake. Kwa mkataba ilianza dola 199. Septemba ikashuka hadi senti 99. Amazon ikaandika hasara ya dola milioni 170, na mwaka uliofuata ikaacha kuiuza.

Ukinunua simu ya namna hiyo, menyu ya M-Pesa utaipata, kwa sababu inakaa kwenye laini. WhatsApp, ramani na programu ya benki ndizo zitakazokusumbua.

Kwa hiyo mteja namwambia achukue ya dukani. Ile ya Tesla ikitoka kweli, baada ya programu, na kabla ya kamera, nitauliza kioo chake kikipasuka nitakiagiza kutoka wapi. Cha Tecno au Infinix nikipiga simu Mombasa asubuhi, jioni kimeshapanda matatu.