Betri ya gari si ya kulalia na friji

Jamani, hii ya kusema "friji la safari lenyewe dogo, chomeka tu kwenye gari hadi asubuhi" inawaponza watu. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kustati, basi, haikutengenezwa kunyonywa polepole usiku kucha, na ukiimaliza mara kwa mara inakufa mapema. Friji la wati 45 likiwa linanguruma linakula kama ampea 4, linapumzika likishapoa, lakini kwa joto letu hili halipumziki sana. Betri mpya inaweza kukuvusha usiku mmoja, iliyochoka haikuvushi, na ukikwama ufukwe wa Vumawimbi kule Pemba na msitu wa Ngezi nyuma yako nani atakuja kukustatia?

Tafuta betri ya pili, lithiamu ya ampea-saa 100 (100Ah) inatosha kabisa, ichajiwe na sola mchana, waya uwe mnene maana mwembamba unapoteza volti friji linazima. Invata, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ya nini, friji la volti 12 halihitaji. Na samaki utakaowabeba kwenye friji wapoze nyumbani kabla hujaondoka! Kama huna betri ya pili, weka kinga ya betri iliyo kwenye friji lenyewe kwenye H (kiwango cha juu), friji lizime mapema ubaki na umeme wa kustati.