Kuchambua balagha kwa podikasti ya shule na rangi: dhana potofu na ukweli

Anayeanza chuo kikuu Marekani, awe ametoka Missouri au Mombasa, kwa kawaida hupitia kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza. Humo atapewa kazi ya kuchambua balagha, yaani kueleza jinsi msemaji anavyomvuta msikilizaji fulani, mahali fulani, kwa wakati fulani. Zamani sisi walimu tulitumia hotuba na makala za magazeti. Sasa baadhi yetu tunatumia podikasti, na kwangu hakuna inayofaa kuliko *The Problem We All Live With*, ripoti ya mwandishi wa habari Nikole Hannah-Jones iliyorushwa na kipindi cha redio cha *This American Life* mwaka 2015. Inahusu watoto weusi wa Normandy, pembeni ya mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, ambao wilaya yao ya shule ilinyang'anywa ithibati na hivyo sheria ya jimbo ikawapa haki ya kuhamia kwingine. Wengi walipelekwa Francis Howell, wilaya yenye wazungu wengi upande wa pili wa mto Missouri.

Ni ripoti nzito, na inapoingia darasani inakutana na dhana kadhaa potofu. Nyingine ni za wanafunzi. Nyingine ni zetu walimu.

"Balagha ni maneno matamu ya kuficha uongo"

Hata anayesema kweli tupu lazima achague aanzie wapi. Hannah-Jones angeweza kuingia Normandy kwa kusoma kifungu cha sheria. Anaingia kwa sauti ya Lesley McSpadden, mama wa Michael Brown, aliyerekodiwa mwanawe alipouawa na polisi Ferguson mwezi Agosti 2014. Katikati ya uchungu ule mama anazungumzia shule: jinsi alivyohangaika mpaka kijana wake akamaliza. Alikuwa ametoka tu kuhitimu Normandy. Hapo hakuna kilichotiwa chumvi, lakini uteuzi huo una nguvu kubwa. Mwaka 2015 Marekani nzima ilishalijua jina la Brown, ila wengi hawakuwahi kuuliza alisoma wapi.

"Ukishataja ethosi, pathosi na logosi, kazi imekwisha"

Dhana hii ndiyo inayoharibu insha nyingi kuliko nyingine zote, na kosa si la wanafunzi. Tunawafundisha istilahi tatu za mwanafalsafa Aristotle wiki ya kwanza (ethosi ni kuaminika kwa msemaji, pathosi ni kugusa hisia, logosi ni hoja na ushahidi), kisha tunashangaa wakituletea insha ya aya tatu, kila aya na istilahi yake. "Mama anapolia mwandishi anatumia pathosi. Anapotaja takwimu anatumia logosi." Sawa, ni kweli. Lakini msomaji wa insha hiyo hajajua chochote ambacho hakukijua.

Chukua takwimu moja. Hannah-Jones anasema kwamba mwaka 1971, katika mtihani wa taifa wa kusoma, watoto weusi wa miaka 13 walikuwa nyuma ya wazungu kwa pointi 39. Kufikia 1988, kipindi ambacho shule zilikuwa zimechanganya wanafunzi kuliko wakati mwingine wowote, pengo lilikuwa limeshuka hadi pointi 18. Ni logosi, ndiyo. Lakini namba hizi anaambiwa nani? Anaambiwa yule anayeamini kwamba kuwachanganya watoto kulijaribiwa, kukashindikana, mjadala ukafungwa. Wala hazisubiri mwisho. Zinatangulia, ili msikilizaji anapofika kwa mtoto wa Normandy anayetaka kuhama asilione ombi lake kuwa ndoto ya mchana. Mwanafunzi akiliona hilo, ameanza kuchambua.

Ndivyo ilivyo pia kwa ethosi. Mwandishi huyu anaeleza kwamba yeye mwenyewe, akiwa mtoto Waterloo, Iowa, alikuwa akipanda basi kwenda shule ya wazungu. Je, maelezo hayo yanamjengea imani kwa wasikilizaji, au yanampa mwenye shaka sababu ya kusema "huyu ana upande wake"? Darasa hugawanyika hapo, na mimi huwaacha wabishane. Kisha nawasikilizisha kipande cha podikasti nyingine, *Nice White Parents*, ya mwaka 2020, ambamo Chana Joffe-Walt, mzungu na mzazi, anazungumza na wazazi kama yeye kuhusu shule moja ya Brooklyn, New York. Anasoma barua za wazazi wazungu wa miaka ya 1960 walioshinikiza shule ijengwe karibu nao ili watoto wa rangi zote wasome pamoja, halafu ilipofunguliwa wakawapeleka wa kwao kwingine. Suala ni lile lile, ila msikilizaji aliyelengwa ni mwingine, na kwa hiyo karibu kila kitu kinabadilika: anayekiri, anayelaumiwa, hata kasi ya kuzungumza.

"Unukuzi unatosha, podikasti ni maandishi yaliyosomwa kwa sauti"

Hapana kabisa. Unukuzi, yaani maneno ya podikasti yaliyoandikwa, unaacha mengi. Katikati ya ripoti ya Normandy kuna mkutano wa hadhara uliofanyika Francis Howell mwezi Julai 2013. Wazazi wanapanga foleni kwenye kipaza sauti. Mmoja anataka kujua mashine za kukagua vyuma na mbwa wa kunusa dawa za kulevya watawekwa wapi. Mwingine anasisitiza kwamba jambo hili halihusu rangi. Ukisoma maneno hayo kwenye karatasi unaweza kuyachukua kama hofu za mtu mmoja mmoja. Ukiyasikia, unasikia pia makofi, na makofi ni hoja. Yanatangaza kwamba msemaji hayuko peke yake. Yanamtia moyo anayefuata aongeze sauti. Na humo ukumbini alikuwamo msichana wa Normandy na mama yake, wakisikia kila neno.

Halafu kuna tabaka la pili, ambalo wanafunzi wazuri hulifikia wakipewa muda. Wazazi wale waliwahutubia viongozi wa shule zao, jioni ile, mbele ya majirani. Hannah-Jones amechukua sauti zile zile na kuziweka, miaka miwili baadaye, mbele ya wasikilizaji wa nchi nzima. Hotuba iliyoshangiliwa pale inawafadhaisha watu huku. Anawaachia nafasi waongee, bila kurukia kila sentensi kwa maelezo yake, na kutulia huko ni uamuzi wa balagha sawa na neno lolote analolitamka. Unukuzi hauna mstari wa kuonyesha hilo.

"Ubaguzi wa shule uliisha 1954, na ulikuwa wa Kusini"

Wanaosema hivyo wanamaanisha majimbo ya Kusini mwa Marekani. Ukweli ni kwamba hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu (si Michael Brown), Mei 1954, iliharamisha kutenganisha watoto kisheria, lakini haikuwahamisha. Mwaka uliofuata mahakama iliacha utekelezaji bila tarehe ya mwisho. Tarehe 3 Februari 1964 zaidi ya wanafunzi 400,000 walisusia masomo New York, mji wa Kaskazini, wakidai shule zisizotenganishwa. Na mwaka 1974, katika kesi ya Milliken iliyotoka Detroit, Mahakama ya Juu ilikataa mpango wa kuchanganya watoto kwa kuvuka mipaka ya wilaya za shule. Asiyejua hukumu hiyo hawezi kuelewa kwa nini safari ya basi kutoka Normandy kwenda Francis Howell ilikuwa jambo la ajabu kiasi kile.

"Kuchambua ni kusema nani ana haki"

Mwanafunzi ana ruhusa ya kukasirika. Mimi mwenyewe hukasirika. Ila "wazazi wale ni wabaguzi" ni hukumu, na insha inadai aeleze jinsi sentensi ya "hii si rangi" ilivyofanya kazi ukumbini: ilimruhusu nani aseme nini baada yake. Kueleza hivyo hakumsafishi mtu. Mara nyingi ndiko kunakomweka wazi zaidi.

Dhana ya mwisho ni yetu walimu, na inaumiza: kwamba mwanafunzi mweusi darasani yuko pale kutueleza watu weusi wanajisikiaje. Hakujiandikisha kwa kazi hiyo. Kabla ya mjadala huwapa wote dakika chache waandike, bila majina, majibu ya maswali mawili: sentensi hii ililenga nani, na nani mwingine aliisikia? Nakusanya karatasi, nazichanganya, na mjadala unaanza na ile ya juu.