Dakika 36 bila mpira

Jumamosi iliyopita jioni nilikuwa nakusanya mipira nirudi nyumbani. Mzee mmoja, mjomba wa kijana ninayemjua kwa sura tu, akanifuata hadi chini ya ringi, simu mkononi. "Kocha, samahani, nipe dakika tatu." Akanionyesha video yenye muziki mkubwa: mpwa wake anafunga, anarudi, anafunga tena. Mechi ile alimaliza na pointi 41. Video ilipoisha akaniuliza swali ambalo siku hizi naulizwa karibu kila mwezi: "Sasa ili afike NBA hapa kinakosekana nini, kama si konekisheni, mtu wa kumshika mkono?"

Giza lilikuwa linaingia, nikamjibu juujuu, kisha nikajuta njia nzima. Nafundisha kikapu Dar es Salaam huu mwaka wa 16. Nimewaona vijana walioshika hilo neno la konekisheni wakafika miaka 27, 28, bado wanasubiri simu ya mtu wasiyemjua, na uchungu umewajaa dhidi ya kila aliyewahi kuwafundisha. Linaloniumiza ni hilo. Kwa hiyo mzee wangu, jibu lako refu hili hapa.

Konekisheni zipo, sitabisha. Joel Embiid, nyota wa NBA, alionekana kwenye kambi ya Luc Mbah a Moute, Mkameruni aliyewahi kucheza NBA, kule Kameruni mwaka 2011, na Pascal Siakam, nyota mwingine, naye alipitia kambi za mtu huyohuyo. Bila Mbah a Moute pengine majina hayo tusingeyasikia. Lakini simu ya mtu inakufikisha kwenye majaribio tu. Siku ya pili ya majaribio, aliyekupigia simu hayumo uwanjani, uko wewe na kocha asiyekujua, na vijana wengine 20 ambao kwao kila mmoja alifunga 41.

Nafasi zenyewe ni chache, hilo nalipita haraka. NBA, ligi kubwa ya kikapu ya Marekani, ina timu 30, kila moja ina wachezaji 15 wa mkataba kamili, jumla 450, na juu yake mikataba mitatu kwa kila timu ya wale wanaopanda na kushuka kati ya NBA na G League, ligi yake ya chini. Drafti, yaani siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, haizidi majina 60 kwa mwaka, ya dunia nzima. Mtu akiniambia "si lazima NBA, kocha", namwambia sawa kabisa. Kuna Misri, kuna Rwanda, kuna Japani, kuna Uhispania, na tangu mwaka 2021 kuna BAL, ligi ya kikapu ya Afrika. Basi tuzungumzie timu yoyote inayolipa mshahara mwisho wa mwezi. Hoja yangu haibadiliki.

Chukua mechi ya sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Dakika 40, mpira mmoja, wachezaji 10 uwanjani. Gawanya. Hata ukisahau muda ambao mpira uko hewani, kila mchezaji anapata kama dakika 4 za kuwa nao mkononi. Gadi anayeongoza timu atapata zaidi, senta, yule mrefu wa chini ya ringi, atapata pungufu, lakini kwa wastani dakika 36 mtu yuko uwanjani hana mpira. Na kile ambacho watu wetu wanakiita kipaji ni zile dakika 4.

Kwenye video ya mzee hapakuwa na kipande hata kimoja ambacho kijana hana mpira. Nilitazama nikiwa na hamu ya kuona kitu kimoja tu: mpinzani anaposhambulia kupitia upande wa pili, huyu kijana amesimama wapi?

Nieleze kwa nini nataka kujua hilo, maana hapa ndipo wengi wanapokwama na hakuna anayewaambia. Mpira uko kona ya kulia, wewe unamkaba mtu aliyeko kona ya kushoto. Vijana wetu wengi hapo wanaona wamepata mapumziko. Wanasimama wima, mikono kiunoni, karibu na mtu wao. Kumbe pale ulitakiwa uwe umesogea ndani, hatua mbili tatu kutoka chini ya ringi, umejigeuza kiasi cha kuuona mpira na mtu wako kwa jicho moja. Mwenye mpira akimpita mkabaji wake, wewe ndiye anayekukuta mbele. Akitoa pasi kwa mtu wako uliyemwacha kona, unarudi mbio, na hatua tatu za mwisho unazifupisha, makalio chini, mkono mmoja juu, kwa sababu ukifika kwa kuruka atakupita ukiwa bado hewani. Muda wote huo unapaza sauti: skrini kushoto (mpinzani amesimama kumzibia njia mkabaji), nipo nyuma yako, badilisha. Yote yanaisha ndani ya sekunde 3 au 4, yanaanza upya, na timu pinzani ina sekunde 24 za kukufanyia hivyo mara nne katika shambulizi moja.

Hakuna anayekupigia makofi kwa hilo, na hakuna anayeliweka kwenye video yenye muziki. Kocha wa timu inayolipa analitazama kabla hajatazama ulifunga ngapi, kwa sababu wa kufunga anao tayari.

Kila ngazi unayopanda inakupunguzia mpira. Timu ya mtaani unapiga mitupo 30 na hakuna wa kukuuliza. Ukienda nje ya nchi unaanzia benchi, unapewa dakika 8, katika hizo utapiga mitupo mitatu, na yote mitatu utaipiga ukiwa umesimama kona baada ya mwingine kuvuta wakabaji. Mfungaji wa pointi 41 hajawahi kupiga mtupo wa namna hiyo maishani mwake. Yeye amezoea kudunda mara sita kwanza, apate mdundo wake. Anakosa mitupo mitatu, anarudi benchi, jioni anapiga simu nyumbani kusema kocha hampendi.

Na wa kwanza kulaumiwa ni sisi makocha. Nisemeje? Ukiwa na mtoto wa miaka 15 anayewazidi wenzake kwa kasi na kwa kimo, na una mechi Jumapili, unampa mpira unasema "wengine mpisheni". Unashinda. Wiki ijayo unafanya vilevile. Baada ya miaka mitano umemlea mtu anayejua kazi moja, na kazi hiyo kila timu duniani imeshaijaza kwa mtu bora kuliko yeye. Nimefanya hivyo kwa vijana wangu mwenyewe, zaidi ya mmoja. Nilikuwa natafuta vikombe. Mmoja wao nikikutana naye leo ananisalimia kwa heshima, "Shikamoo kocha," na mimi marahaba inanitoka kwa shida.

Anayeniambia haya ni maneno ya kocha tu, naomba awatazame Wakongo wawili, wote wazaliwa wa Lubumbashi, wote watu wa chini ya ringi.

Bismack Biyombo aliitwa wa 7 kwenye drafti ya mwaka 2011. Hakuwa mfungaji siku ile na hajawa mfungaji hadi leo. Msimu wa 2015/16 akiwa Toronto alikuwa na wastani wa pointi 5.5 kwa mechi. Pointi tano na nusu! Mtoto wa mtaani kwetu akifunga hizo anaambiwa arudi kucheza rede. Lakini Biyombo alikuwa anaweka skrini imara, anafuta mitupo, anaruka mara ya pili kabla wenzake hawajashuka mara ya kwanza. Mei 2016, kwenye mechi ya mchujo dhidi ya Cleveland, alichukua ribaundi 26, yaani mipira iliyokosa ringi. Majira hayohayo ya joto Orlando walimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72.

Oscar Tshiebwe alikuwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2022, akiwa Kentucky. Wastani wake msimu ule ulikuwa pointi 17.4 na ribaundi 15.1, namba ambazo chuoni hazionekani kirahisi. Drafti ya mwaka 2023 yalisomwa majina 58. Lake halikuwemo. Indiana wakamchukua kwa ule mkataba wa kupanda na kushuka, baadaye Utah vilevile.

Niambie nani alikosa konekisheni hapo. Kentucky yenyewe ni konekisheni. Kila skauti wa NBA anaijua njia ya kwenda Lexington, mji wa chuo hicho. Walimwona mechi zote. Walichokiona ni senta wa kama mita 2.06 ambaye hatishi kwa mitupo ya mbali na hana kimo cha kuwazuia warefu zaidi yake kule juu, tena ana miaka 23. Ribaundi zake ni za kweli, naamini hakuna anayebisha. Ila timu ilijiuliza: tukimweka dakika 20, nafasi gani ya uwanja itabaki wazi kwa ajili ya wengine? Biyombo aliingia kwa kazi moja ambayo timu zilikuwa zinaihitaji. Tshiebwe alikuwa mfalme, na ufalme wake haukuwa na kiti kwenye nyumba nyingine.

Sasa niseme linalonisumbua mimi mwenyewe, maana nadharia yangu ina mashimo.

Hasheem Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, hapahapa Dar es Salaam. Mwaka 2009 aliitwa wa 2 kwenye drafti, mbele ya James Harden na mbele ya Stephen Curry, waliokuja kuwa nyota wakubwa. Mwaka uliofuata Memphis, timu iliyomchagua, walimpeleka ligi ya chini, na hadi 2014 alikuwa ameshapita timu nne. Watu wetu wanamtania mtandaoni, na mimi huwa nakasirika. Yule ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alicheza zaidi ya mechi 200, na kati yetu tunaoandika hakuna aliyewahi kupata hata jezi ya mazoezi. Zamani nilikuwa nawaeleza vijana kwamba tatizo lake lilikuwa kuanza kwa kuchelewa: mwili wa mita 2.21 unafungua mlango, lakini kusoma mchezo bila mpira kunataka miaka mingi uwanjani.

Maelezo mazuri, sivyo? Ila Hakeem Olajuwon, Mnigeria aliyekuwa mmoja wa masenta bora wa NBA, naye alianza akiwa na miaka 15. Embiid naye alianza katika umri huohuo, na mwaka 2023 alikuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Kwa hiyo kuchelewa peke yake hakutoshi kueleza. Nimejaribu kujiambia kwamba Olajuwon alitoka kwenye mpira wa mikono na soka akiwa kipa, na Embiid alikuwa anacheza wavu, kwamba huko walishajifunza kusoma mchezo kwa macho na miguu. Inawezekana. Inawezekana pia natafuta sababu baada ya matokeo kuonekana, kama tunavyofanya makocha wengi.

Na kuna hili. Miaka kadhaa nyuma nilimwacha nje ya timu ya vijana mtoto wa miaka 14. Mfupi, mkimya, hana mtupo. Nilimwambia mama yake kwa upole kwamba labda ajaribu mchezo mwingine. Leo yule mtoto analipwa mshahara kwenye ligi ya nchi nyingine, na kazi yake ni ileile ninayoisifu humu: anakaba, anaongea, anatoa pasi kabla hajabanwa. Nilikuwa naye mbele ya macho yangu msimu mzima na sikuyaona, kwa sababu nilikuwa natazama mpira. Kwa hiyo wazazi mnaponiletea mtoto mnasema "Kocha, mtazame tu utajua", mnanipa uwezo nisiokuwa nao. Katika umri wa miaka 14 ninachokiona zaidi ni nani amebalehe mapema.

Yaliyobaki nayataja mbiombio. Kukata umri: wazazi, acheni. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule vikitofautiana, safari inakufa pale pale, na kijana "wa miaka 17" mwenye mwili wa miaka 20 anawafunika watoto kisha anaganda. Shule: daraja la kwanza la NCAA, michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, linataka masomo 16 ya msingi na wastani wa alama usiopungua 2.3, kwa hiyo mtoto anayekimbia vipindi ili apige danki anaufunga mlango kwa mikono yake. Magoti: uwanja wa zege kila siku ni hasara, mkipata sakafu ya mbao hata mara moja kwa wiki itumieni kwa mazoezi ya kuruka.

Jumatatu nilimpigia mzee. Nilimwomba aniletee video nyingine: robo moja nzima, dakika 10, haijakatwa, haina muziki, na mpigaji asimfuate mwenye mpira, amfuate mpwa wake popote alipo. Alinyamaza kidogo. "Hata akiwa amesimama tu, kocha?" Hasa akiwa amesimama, nikamwambia.

Imefika jana usiku. Dakika sita za mwanzo kijana anatembea kwenye ukabaji, mikono kiunoni, kama nilivyohofia. Dakika ya saba wapinzani wanaweka skrini upande wa pili, na yeye anaondoka pale aliposimama kabla pasi haijatoka mkononi mwa mtu, anafika chini ya ringi, ananyoosha kidole kumwonyesha mwenzake pa kwenda. Imetokea mara moja katika dakika 10. Nimeirudia mara nne. Nimemwandikia mzee kwamba kijana aje Jumanne saa kumi na moja jioni, asichukue mpira.