Je, wajua? Ua la shaba likiota kwenye lupango (kiwanja), si lazima kisima chako kiwe na shaba

Yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) alinunua lupango nje kidogo ya Lubumbashi, na kwenye kona moja kulikuwa na vile viua vya zambarau ambavyo huku tunaviita ua la shaba. Nikamwambia wazi: yaya, usichimbe kisima hapa, maji itakuwa sumu. Nilijiamini kweli kweli, na nilikosea.

Ua lenyewe, Haumaniastrum katangense, ni la ukoo mmoja na mrehani. Wachunguzi wa mambo ya kale wamelifuata ili kuona mahali ambapo wazee waliyeyushia shaba, maana likijaa sehemu moja ni dalili kwamba udongo wa juu uko na shaba nyingi. Mpaka hapo nilikuwa sawa. Kosa langu lilikuwa kudhani shaba ikiwa kwenye udongo basi imeshafika kwenye maji na kwenye lengalenga (mchicha), kumbe hiyo ni safari nyingine kabisa.

Fikiria bisi (basi) ya kwenda Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi). Chembe za udongo na mboji ni viti, shaba ni abiria aliyekaa. Akiwa amekaa haendi popote, mvua ipite, mizizi ipite, yeye ametulia. Sasa asidi ni lile kundi la saa kumi na moja jioni linalopanda kwa kusukumana, kila mmoja anataka kiti, wanamsukuma huyu wa shaba mpaka anadondokea mlangoni, na huyo wa mlangoni njo maji inamubeba. Ukimwaga chokaa wasukumaji wanapungua, abiria wanarudi vitini, na shaba nyingine inagandamana inakuwa kitu kigumu kisichoyeyuka kirahisi. Ndiyo maana viwanja viwili vyenye shaba sawasawa vinaweza kukupa mboga tofauti kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu chokaa na mboji kwenye udongo wenye shaba, na shaba inayofika kwenye mboga ikapungua. Ikapungua, sijasema iliisha: abiria bado wako ndani ya bisi. Na usidhani kila sumu inatii hivyo, arseniki kwa mfano inaweza kulegea zaidi chokaa ikizidi.

Kwa hiyo labo (maabara) ikikupa namba moja tu ya shaba yote, imekuhesabia abiria bila kusema nani amekaa na nani yuko mlangoni. Uliza pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi), uliza na shaba inayoyeyuka majini, ile ya mlangoni. Udongo chukua sehemu nyingi za lupango, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki, si ya bati.

Halafu kuna kina. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha hapa mjini kilianza 1911, upepo ukapeleka moshi kaskazini-magharibi, kule Penga Penga shaba ikatua juu ya udongo kutoka hewani. Hiyo haikuambii chochote juu ya jiwe lililo mita 20 chini. Na hapa ndipo ninapopapenda: shaba ya Katanga mara nyingi imelala kwenye dolomiti (jiwe la jamii ya chokaa) au jirani yake, na dolomiti inaua asidi kama chokaa. Yaani jiwe moja linabeba mwizi pamoja na kufuli.

Hiyo si ruhusa ya kunywa bila kupima, maana miamba inabadilika hata kati ya majirani. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa shaba kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita. Kuchemsha kunaua vijidudu vya choo cha jirani, lakini shaba haipandi na mvuke, inabaki kwenye sufuria, na maji yakipungua yenyewe inazidi.

Kwa yaya karatasi ya pH ilitoa 5 na nusu kwenye udongo, 7 na nusu kwenye kisima, maana alichimba bila kunisikiliza. Labo ikakuta shaba ya maji iko chini ya mpaka. Lengalenga ndiyo ilihitaji chokaa.

Na lile ua? Limeshaoteshwa kwenye udongo wa kawaida usio na shaba nyingi, likakua vizuri tu, yaani ni dalili, si uthibitisho.